Mjadala: Bondia mwenye konde zito kuliko wote tumpime kwa kipimo gani?

Kila pambano kubwa linapokaribia hapa Dar es Salaam, ubishi wa nani ana konde zito huanza mitaani kabla hata mabondia hawajapima uzito, na kwa kawaida hauvuki majina mawili, Mike Tyson na Deontay Wilder, Wamarekani wa uzito wa juu. Safari hii umepanuka. Wapo wanaoshikilia kwamba bondia wa uzito wa juu ndiye mwenye konde zito na habari imeishia hapo, kwa kuwa anaweza kumlaza mtu yeyote wa uzito wowote. Wapo pia wanaosema kwamba Naoya Inoue wa Japani, mwenye kilo 55, ndiye anayepiga kuliko wote ukizingatia umbo lake. Mimi nipo upande wa hawa wa pili, lakini sababu wanayoitoa, yaani asilimia ya ushindi wa KO (knockout, mpinzani anapomalizwa kabla ya raundi kuisha zote), naiona dhaifu, na ningependa tuijadili kwa kina.

Kwa nguvu halisi ya konde, watu wa uzito wa juu wako mbele. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walimpima Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu, na kukuta konde lake lina nguvu ya zaidi ya nyutoni 4,000. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2005, uliwapima mabondia saba wa Olimpiki kuanzia uzito mdogo wa fly hadi ule mkubwa kabisa wa super heavy, ukaonyesha kwamba nguvu ya konde ilipanda kadiri uzito wa bondia ulivyopanda, na kwamba sababu kubwa ilikuwa kiasi cha mwili ambacho bondia anafanikiwa kukiweka nyuma ya ngumi yake.

Sasa tuangalie upande wa anayepigwa, ambao katika ubishi wetu huwa tunausahau. Bondia wa kilo 110 ana uzito mara mbili ya bondia wa kilo 55, lakini kichwa chake hakina uzito mara mbili, wala ubongo wake haukuongezewa kinga mara mbili. Konde limekua, kichwa hakijakua kwa kiwango hicho, na ndiyo maana KO ni nyingi zaidi juu kuliko chini. Wilder alipofikisha ushindi 40 bila kupoteza, 39 kati ya hizo zilikuwa za KO. Inoue alipomsimamisha Luis Nery mwezi Mei 2024 alikuwa amefikisha ushindi 27, na 24 ulikuwa wa KO. Kwa asilimia Wilder yuko mbele, lakini hesabu hizo mbili zimetoka katika mazingira ambayo hayalingani, na kwa maoni yangu zile 24 za Inoue ni kazi ngumu zaidi. Najua kuna watakaoleta suala la glavu, kwa kuwa hadi uzito wa welter (kilo 66.7) kwa kawaida huvaliwa za wakia 8, zenye kinga ndogo zaidi, na juu ya hapo za wakia 10. Hoja hiyo ni ya kweli na inapunguza pengo kidogo, ila haiwezi kulifuta.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kumfuatilia bondia anapopanda uzito na kuona kama konde lake linapanda naye. Roberto Durán alikuwa tishio katika uzito wa light (kilo 61 hivi), lakini ushindi wake mkubwa wa baadaye, dhidi ya Sugar Ray Leonard mwaka 1980 na Iran Barkley mwaka 1989, ulikuja kwa pointi. Manny Pacquiao alitwaa ubingwa wa dunia wa fly mwaka 1998 akiwa na kilo 51 hivi, na mwezi Mei 2009 akamlaza Ricky Hatton katika raundi ya pili kwa kilo 63.5, jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa maajabu ya mchezo huu. Hata hivyo, baada ya kumsimamisha Miguel Cotto Novemba mwaka huo huo, hakummaliza mtu mwingine hadi Julai 2018, alipokutana na Lucas Matthysse. Alikuwa ameufikia mpaka wa nguvu zake.

Kwa Inoue, kuna ushahidi mmoja ambao nauona mzito kuliko asilimia yoyote. Omar Narváez wa Argentina alisimama na Nonito Donaire, bondia mwenye sifa ya konde zito, raundi zote 12 mwaka 2011. Desemba 2014 Inoue, ambaye Aprili mwaka huo huo alikuwa ametwaa ubingwa wa light fly, yaani kilo 49, alipanda hadi super fly (kilo 52 hivi), akamwangusha Narváez mara nne na kummaliza katika raundi ya pili. Donaire mwenyewe alimaliza raundi 12 na Inoue mwaka 2019, na hilo lazima tulihesabu, lakini waliporudiana Juni 2022 hakuvuka raundi ya pili. Mwaka uliofuata Inoue akapanda tena, akamsimamisha katika raundi ya nane Stephen Fulton, bingwa ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja.

Kipimo hicho hicho, nikikitumia kwa haki, kinanilazimu kumtetea Wilder dhidi ya wanaomdharau. Wao hutaja usiku wa Desemba 2018 kule Los Angeles, Tyson Fury alipolala chali katika raundi ya 12 kisha akainuka. Wasichokitaja ni kwamba Wilder alipanda ulingoni akiwa na kilo 96 hivi, na Fury alikuwa na 116. Mtu anayemlaza chali mpinzani anayemzidi kilo 20 amepanda uzito ndani ya uzito wa juu wenyewe. Kwa sababu hiyo namweka juu ya Mike Tyson, ambaye makali yake yalikuwa zaidi katika kasi na mfululizo wa makonde, na ambaye mwaka 1987 James Smith na Tony Tucker walimaliza naye raundi zote 12.

Ubishi huu una madhara hata katika jimu zetu za Manzese na Keko. Kijana wa kilo 52 anapopiga padi, mlio mkali humfanya kila mtu ageuke, naye huamini kwamba tayari ana konde na hana haja ya kujifunza kukwepa. Mlio ule hutokana na glavu kutua bapa juu ya ngozi ya padi. Konde zito hutoa sauti fupi na ya chini, na anayelijua vizuri ni mwalimu aliyeshika padi, kwa sababu kiwiko chake hurudi nyuma hata akijikaza. Vivyo hivyo, Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington kule Birmingham Septemba 2018, wengi walisema ni uzito wa konde. Ushindi ule naujivunia kama Mtanzania yeyote, lakini mimi niliona zaidi bondia aliyeiona nafasi mapema na hakuiachia.

Panapobaki pagumu kwangu ni uzito wa kati (kilo 72.5 hivi). Wengi wanamtaja Gennady Golovkin, na mfululizo wake wa KO 23 hauwezi kupuuzwa. Mimi namtaja Julian Jackson wa Visiwa vya Virgin. Novemba 1990, kule Hispania, alikuwa anapigwa vibaya na Herol Graham, jicho limevimba, ameshaambiwa kwamba amebakiza raundi moja tu kabla pambano halijasimamishwa. Katika raundi hiyo ya nne Graham alimsogelea ili ammalize, akakutana na konde moja la mkono wa kulia, akapoteza fahamu kabla hajagusa sakafu. Golovkin, kwa upande wake, alipigana na Canelo Álvarez raundi 36 katika mapambano matatu bila kumwangusha hata mara moja, na Canelo ni mtu aliyepanda kutoka super welter, uzito ulio chini ya ule wa kati. Anayemweka Golovkin juu ya Jackson naomba anieleze raundi hizo 36 anazihesabu vipi.