Mjadala: Kurasa zote zifungwe kwanza, au tuendelee kufunga mojamoja?

Wakuu, nawauliza mnaojenga mifumo kwa Django (zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python). Tangu toleo la 5.1, Agosti 2024, kuna LoginRequiredMiddleware, kipande kinachokagua kila ombi kabla ya ukurasa kufunguka. Ukiiweka kwenye settings.py (faili la mipangilio) chini ya AuthenticationMiddleware, inayotambua aliyeingia ni nani, kila ukurasa unadai mtu aingie kwanza, na ule wa umma unaufungua mwenyewe kwa @login_not_required. Zamani ilikuwa kinyume: kila kitu wazi, kazi yako kupachika @login_required ukurasa baada ya ukurasa.

Msimamo wangu: kufunga kwanza iwe ndiyo kawaida yetu. Mwaka jana nilikabidhiwa mfumo wa ada wa shule moja. Kurasa zaidi ya 30, zote zina kinga isipokuwa mmoja wa kuchapa risiti, ulioongezwa baadaye kwa haraka. Nikafungua dirisha la faragha la brauza, nikabandika anwani ya risiti, ikaja yote: jina la mtoto, darasa, simu ya mzazi, deni. Sikuulizwa mimi ni nani. Na aliyeuandika si mzembe, alisahau mstari mmoja tu. Ukisahau @login_not_required, mgeni anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia na utapigiwa simu siku hiyohiyo. Ukisahau @login_required, hapigi mtu simu.

Nani anapinga?

Mchangiaji: Kaka, napinga kidogo. Kwa wanaotumia Django REST Framework (nyongeza ya kutengenezea API, yaani njia ya programu nyingine kuchukua data za mfumo), matoleo yake mapya yamezitoa kurasa zake nje ya kinga hiyo, na ruhusa yake ya awali ni AllowAny, yaani yeyote apite. Kijana ataiweka, atalala usingizi, kumbe API ya programu ya simu iko wazi. Halafu mzazi aliyeingia kihalali akibadili risiti/41 kuwa risiti/42, si anaona ya jirani?

Mwanzisha mada: Dada, la API umenishika. DEFAULT_PERMISSION_CLASSES, mpangilio wa ruhusa hiyo ya awali, iwekwe IsAuthenticated (aliyeingia tu) siku hiyohiyo. La risiti 42 nalo ni kweli, linamalizwa kwa filter(mzazi=request.user), yaani kuchuja zibaki risiti za mzazi aliyeingia tu. Lakini huyo request.user atajulikanaje kama mlangoni hakuulizwa? Ndiyo maana nang'ang'ania mlango uanze.

Waliohamisha mifumo mikubwa ya zamani, ni kurasa zipi ziliwasumbua? Kwangu ni ukurasa wa kuingia nilioutengeneza mwenyewe: nilisahau kuufungua, ukawa unajirudisha kwake wenyewe mpaka brauza ikakata.