Geti la mbao limelala upande wa komeo: nianze kurekebisha wapi?

Mkazi wa Pongwe
Habari zenu wanajukwaa. Nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Tanga, nina geti dogo la mbao ya mninga, lenye upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.5, lililofungwa miaka minne iliyopita kwa bawaba mbili ndefu. Tangu masika yaishe, upande wa komeo umeshuka kiasi cha sentimita 3, kona yake ya chini imekwisha kuchora nusu duara jeupe kwenye sakafu ya saruji, na mama yangu, ambaye ni mtu mzima sana, hulazimika kulinyanyua kwa mikono miwili ndipo aweze kutoka. Fundi wa kwanza aligongelea ubao wa mshazari kuanzia bawaba ya juu hadi kona ya chini ya upande wa komeo, lakini baada ya wiki mbili misumari ilianza kuchomoka. Fundi wa pili anashauri tukate geti upande wa chini. Naombeni ushauri wenu.

Seremala wa Korogwe
Ndugu, tafadhali usikate. Geti litaendelea kushuka, nawe utakata tena mwakani, hadi kuku wapite chini yake. Kwanza tujue kilichoshuka ni nguzo, bawaba au fremu. Ning'iniza timazi kando ya nguzo uone kama imesimama wima, kisha shika geti upande wa komeo, ulinyanyue polepole huku mwenzako akitazama bawaba zinavyocheza. Mwisho pima kwa futi kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Fremu iliyo sawa hutoa vipimo vinavyolingana.

Mkazi wa Pongwe
Ahsante sana, fundi. Nguzo iko wima. Bawaba ya juu inacheza, na skrubu zake mbili zinazunguka bure ndani ya mbao. Kutoka kona ya bawaba ya juu hadi kona ya chini ya komeo nimepata sentimita 194.5, mshazari wa pili ni sentimita 190.

Seremala wa Korogwe
Basi vipimo vyako vimeeleza kila kitu. Uzito wa geti huvuta upande wa komeo kwenda chini, hivyo mshazari unaoanzia bawaba ya juu hurefuka, na ule unaoanzia bawaba ya chini hufupika. Ubao una nguvu nyingi unapobanwa kwa urefu wake, lakini unapovutwa, kazi yote hubaki kwa misumari iliyo kwenye ncha zake, na ndiyo sababu misumari ya fundi wako imechomoka. Njia aliyoifuata ingefaa kwa waya wa chuma wenye skrubu ya kukazia katikati, kwa sababu waya kazi yake ni kuvutwa.

Livue geti, ulilaze mahali palipo tambarare, ung'oe ubao ule. Safisha maungio yaliyoachia, yatie gundi isiyoharibiwa na maji, kisha ubane fremu kidogo kidogo mpaka mishazari yote miwili isome sentimita 192. Hapo ndipo ukate ubao mpya utakaotoka kona ya bawaba ya chini kwenda kona ya juu ya komeo, na ninakusihi usiharakishe hatua hii: ncha zake zikatwe kwa pembe ili zikae barabara ndani ya kona za fremu, kwa kuwa ubao uliobandikwa tu juu ya fremu bila kusukuma kona utarudi kutegemea misumari.

Fundi wa Mombasa
Naunga mkono, na ninaongeza juu ya bawaba. Ile ya juu ndiyo inayovutwa kutoka kwenye nguzo, kwa hiyo skrubu fupi hazitoshi. Toboa mbao mpaka upande wa pili, upitishe bolti zenye washa pana na nati. Kwetu pwani hewa ya chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo chagua bolti zilizopakwa zinki, na matundu ya zamani uyazibe kwa vigingi vya mbao ngumu vilivyotiwa gundi, ili maji yasituame humo.

Mkazi wa Pongwe
Nawashukuru, mafundi wangu. Tumeifanya kazi hii Jumamosi na Jumapili, gundi ikiachwa ikauke usiku kucha. Mshazari mmoja sasa unasoma sentimita 192 na wa pili 192.2, na komeo linaingia tunduni bila kusukumwa. Leo asubuhi mama amelifungua kwa mkono mmoja, kikapu cha sokoni kikiwa mkono wa pili.