Mvuvi alifungiwa Ziwa Tanganyika, mitaro ya mji wa Kigoma ikaachwa wazi

Ndugu wanajukwaa,

Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tulitii: mitumbwi ikapandishwa mwaloni, na akina mama waanika dagaa wakakaa bila kipato. Sina ugomvi na agizo hilo. Ninachokataa ni kubebeshwa peke yetu mzigo wa kuwaokoa samaki ilhali mitaro ya mji inaendelea kumwaga uchafu mahali wanapokulia.

Miezi hiyo mitatu ni kiangazi. Mitaro hujaa oili chafu ya gereji, maji ya sabuni, pampasi na chupa za plastiki, na hakuna anayeizoa. Mvua zinapoanza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mji wetu wa miteremko husukuma shehena yote ziwani kwa saa chache, pamoja na kinyesi, kwa kuwa wapo wenye nyumba wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo vyao (na mtaa mzima unawajua).

Kila ninapolisema hili hujibiwa kwamba ziwa ni kubwa, litajisafisha. Ni kweli kwamba kina chake kinafika karibu mita 1,470, lakini oksijeni haipo huko chini. Samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, na wengi wao hutaga na kulea vifaranga kwenye miamba ya kandokando, palepale mitaro inapoishia. Tope likitua hapo hufunika mwani wanaoula na kuyafukia mayai, na taka zinazooza huwanyang'anya oksijeni. Tena ziwa hili hutoa maji kidogo mno kupitia Mto Lukuga, hivyo kinachoingia leo hakitoki upesi.

Nilipeleka barua kwenye ofisi moja, nikaambiwa mtaro ni wa watu wa barabara; wa barabara nao wakanirudisha kwa watu wa usafi. Basi naomba jibu la maandishi: mtaro unaoishia kwenye mwalo wetu ni wa nani, utazolewa lini kabla ya mvua, ni lini mdomo wake utawekewa wavu wa chuma wa kuzuia taka, na gereji inayomwaga oili humo itatozwa faini na nani?