Kanda 140 za babangu niziweke wapi mtandaoni?

BintiKibokoni:
Asalaam aleikum. Babangu ana kanda 140 za taarab, za dakika 60, ndani ya mabati mawili ya biskuti. Si za dukani tu. Zamani alikuwa akienda harusini na redio-kaseti yake, anaiweka karibu na spika, basi mle mna fidla, vigelegele, na watu wanaokwenda kumtunza mwimbaji pesa wakitajwa majina. Juma Bhalo, mwimbaji maarufu wa taarab, nitampata popote; harusi ya shangazi yangu siipati. Nimeshaingiza 38 kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, na simu imejaa. Nataka nisikilize nikivuka Likoni kwa feri, naye asikilize nyumbani bila kunipigia kila saa.

FundiBondeni:
Wa aleikum salaam. Piga hesabu kwanza. Kwa MP3 ya kbps 192, saa moja ni kama MB 86, kwa hiyo zote hazizidi GB 13. Google Drive ina GB 15 za bure, ila humo humo zinagombania nafasi na picha na barua pepe. Bora YouTube Music: unaruhusiwa kupakia hadi nyimbo 100,000, lakini pakia kwa kompyuta. Hazisikiki na mwingine. Simu ya mzee iingize akaunti hiyo hiyo. Za ferini nakili tano sita kwenye simu, bando lisikuishie majini.

ShemejiTudor:
Pakia, lakini usilale. Mimi nyimbo zangu niliweka kwenye huduma moja, wakatangaza wanafunga, na barua zao mimi huwa sisomi. Zikaenda zote. Nunua diski mbili, moja ikae kwa nduguyo. Na ukiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu wa joto letu hili, usiicheze, utachafua hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe. Nakala ya asili iwe FLAC, faili isiyopunguza sauti kama MP3, nzima nzima. Usikate vigelegele!

BintiKibokoni:
Ahsanteni, zile 38 zimeingia mtandaoni. Sasa shida ni majina ya kanda. Babangu aliandika kwa herufi za Kiarabu, na mimi msahafu nausoma lakini mwandiko wake umenishinda. Baada ya Isha ananisomea, naandika. Jana tumemaliza mbili tu, maana kila jina lina kisa: nani alimtunza nani, nani akanuna. Ya tatu ina jina la mwanamke ambaye si mamangu. Hiyo kasema tuiruke.