Mgambo wa Prescott waliingiaje Ogdensburg mwaka 1813?

Swali
Asubuhi ya tarehe 22 Februari 1813, Marekani ikiwa vitani na Uingereza, askari na wanamgambo karibu 500 walitoka Prescott, Kanada, iliyokuwa koloni la Uingereza, wakavuka mto Saint Lawrence na kuuteka Ogdensburg, mji wa jimbo la New York. Miji hiyo inatazamana. Iliwezekanaje watu wengi hivyo wavuke mahali peupe bila kushtukiwa mapema, na kwa nini Wamarekani hawakurudisha kikosi baadaye?

Jibu la kwanza
Mto ulikuwa umeganda, na kamanda wa Prescott, George Macdonell, alikuwa na mazoea ya kuwachezesha kwata askari wake juu ya barafu, kiasi kwamba walinzi wa ng'ambo walikwisha kuizoea hali hiyo. Siku ile kwata haikugeuka nyuma. Hata hivyo kazi haikuwa rahisi: safu ya kulia, ya Kapteni Jenkins, ilikwama kwenye theluji nzito mbele ya mizinga, na yeye mwenyewe alivunjwavunjwa mkono wa kushoto, akaendelea kuwahimiza watu wake. Safu ya Macdonell ndiyo iliyoingia mjini.

Jibu la pili
Hila ya kwata peke yake haitoshi kueleza. Benjamin Forsyth, aliyeulinda Ogdensburg, ndiye aliyechokoza: usiku wa kuamkia tarehe 7 Februari alivuka na kuvamia Elizabethtown, ambayo leo ni Brockville, akafungua wafungwa na kuondoka na mateka wapatao 50. Alijua kisasi kingekuja, akaomba nyongeza ya askari kutoka Sackets Harbor, kituo cha jeshi la Marekani kando ya Ziwa Ontario, akanyimwa. Kwa upande wa pili, Prevost, Gavana wa Kanada, alikuwa ameruhusu vitisho tu; Macdonell akavigeuza kuwa shambulio kamili.

Jibu la tatu
Kuhusu kikosi kutorudi, tazameni masilahi ya wenyeji. David Parish, tajiri mwenye ardhi kubwa eneo hilo, na wafanyabiashara wenzake waliona kuwa Forsyth aliwaletea balaa kuliko ulinzi, kwa hiyo hawakutaka askari tena. Kambi ilikwisha teketezwa, mizinga imechukuliwa, naye Forsyth akahamia Sackets Harbor. Kuanzia hapo biashara ya kuvuka mpaka ilishamiri, na maofisa wa Kiingereza wakawa wanakuja Ogdensburg kununua mahitaji yao kwa adui, vita vikiwa bado vinaendelea.