Misemo ya Kiingereza: daftari, darasa la jioni, BBC au Kasumbalesa?

Binti_Kamalondo

Jambo yenu wote. Naomba mnisaidie kuchagua, maana pesa niliyo nayo inatosha njia moja tu.

Nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Kiingereza nimekianza kwa bidii mwaka jana, kwa sababu hapa Lubumbashi kazi nyingi za migodini, hata ya kupokea wageni au kuhesabu vipuri ghalani, wanataka mtu anayeweza kuongea na wageni. Nilinakili kwenye daftari misemo 300 kutoka faili moja linalozunguka WhatsApp. "Kick the bucket", "piece of cake", "raining cats and dogs", nikaikariri yote mpaka ya mwisho.

Mwezi uliopita nikapigiwa simu ya usaili. Yule bwana akaniambia kwa upole kabisa: "Can you walk me through your last job?" Nikasikia "walk", nikadhani anauliza kama nilikuwa naenda kazini kwa miguu. Nikajibu ndiyo, ni mwendo wa dakika ishirini. Akanyamaza. Akauliza tena kwa maneno yale yale, nami nikarudia jibu lile lile. Baada ya hapo akanishukuru, akakata, na hawakunipigia tena. Kumbe alikuwa ananiomba nimweleze kazi yangu hatua kwa hatua, na kazi ile naijua hata ukiniamsha usiku wa manane. Iliniuma sana.

Sasa nina njia nne: niendelee na daftari, niingie darasa la jioni, dola 25 kwa mwezi, hizo pesa ninunue mega za intaneti nisikilize vipindi vya BBC, au nifuatane na shangazi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila Jumamosi nikaongee na Wazambia. Ninyi mliotangulia, ipi iliwafungua masikio?

Mwalimu_Katuba

Pole sana dada. Nafundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 14 na kisa chako nimekisikia kwa wanafunzi wengi, kila mmoja na msemo wake.

Orodha kama hiyo yako huokota misemo yenye picha za ajabu kwa sababu inavutia kusoma. Mvua ikimwagika London, mtu wa kawaida atasema "it's pouring" na kufunga dirisha. Paka na mbwa wamebaki zaidi vitabuni. Na "kick the bucket" ni neno la mzaha juu ya kifo. Ukilipeleka kwenye matanga utawaumiza wafiwa. Huko wanasema "passed away", kama sisi tunavyosema ametutoka. Hata sarufi yake imeganda: unaweza kusema "the beans were spilled" na watu wakaelewa kwamba siri imetoka, lakini ukisema "the bucket was kicked" umezungumzia ndoo halisi iliyopigwa teke. Daftari lako halikukwambia hayo, na ndiyo sababu silipendi.

Vinavyokosekana kwa watu wetu ni vipande vidogo vinavyopita masikioni mara kumi kwa siku: "never mind" (usijali), "it's up to you" (uamuzi ni wako), "fair enough" (sawa, nimekubali), "help yourself" (jihudumie), "bear with me" (nivumilie kidogo). Ukipiga simu ofisini ukaambiwa "I'm afraid he's not in", hakuna aliyeogopa chochote. Ni namna yao ya kusema kwa heshima kwamba mtu hayupo.

Ongeza na mtego wa Kifaransa chetu. Juzi mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia mteja "I will eventually come on Monday", kichwani akiwa na "éventuellement", yaani huenda nikaja. Mwingereza anasoma: hatimaye nitakuja. Mteja alimsubiri Jumatatu nzima. "Actually" nayo ni hivyo hivyo, haina maana ya "actuellement". Maana yake ni kwa kweli.

Kijana_Kampemba

Mimi nasema BBC, bila kusita. Kuna kipindi kinaitwa The English We Speak, dakika kama tatu tu, msemo mmoja kila mara, watu wawili wanauzungumza ndani ya kisa kidogo. Kuna pia 6 Minute English, hicho kina mazungumzo marefu kidogo juu ya mada moja. Vyote ni vya bure, unapakua mahali penye wifi unasikiliza ndani ya basi.

Ninavyofanya: nasikiliza mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili naandika sentensi nzima, na nani alimwambia nani. Mara ya tatu natunga sentensi ya maisha yangu mwenyewe na kuisema kwa sauti. Kwa "call it a day", yaani tuishie hapa kwa leo, niliandika maneno ambayo ningemwambia bosi wangu gereji saa kumi na mbili jioni. Sijausahau tena.

Angalieni kitu kimoja tu. Misemo mingine ya kipindi hicho ni ya vijana wa Uingereza. Usiichukue ofisini kabla hujaitafuta kwenye kamusi ya wanafunzi ya mtandaoni. Pembeni yake utaona kama wameandika "informal" (si ya rasmi) au "old-fashioned" (ya kizamani). Alama hizo ndogo zimeniokoa mara nyingi.

Papa_Redio

Kijana asante. Nami niongeze la wazee. Sisi tulianzia Sauti ya Amerika, kile kipindi cha Special English kilichoanza mwaka 1959. Kilisomwa polepole, kwa maneno yapata 1,500, sentensi fupi fupi, na misemo waliiepuka makusudi ili kila mtu aelewe. Kilinifundisha kusikia Kiingereza, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nilipokutana na Mwingereza wa kweli mgodini, sikuambulia kitu. Binti asije akadhani kila kipindi cha redio kitampa anachokitafuta.

Mama_Transit

Binti, mimi niko mpakani karibu kila siku kwa kazi ya forodha, basi nikwambie Kasumbalesa ilivyo.

Uzuri wake ni huu: hakuna anayekungoja ufikiri. Dereva ana karatasi mkononi, jua linawaka, lori lake limekaa kwenye foleni tangu jana, anakusemesha haraka na wewe unajibu haraka. Miezi mitatu ya hivyo ilinipa ulimi kuliko miaka yote ya shule. Na Wazambia wana subira, wakiona unajaribu watakurudilia.

Ila Kiingereza cha huku kina desturi zake. Siku zangu za kwanza dereva mmoja wa Afrika Kusini aliniambia kwa simu "I'll be there just now". Nikasimama getini nikimngoja, nikakosa hata kwenda kula. Alifika baada ya muda wa saa tatu nzima na hakuona kosa lolote, kwa sababu kwao "just now" ni baadaye, muda ukiruhusu. Mwingine akanielekeza nipinde kushoto kwenye "robot". Kwao hiyo ni taa ya barabarani. Ukiyabeba hayo kwenye usaili na mtu wa Uingereza, hamtaelewana. Na sisi wenyewe tuna letu: unaondoka huku unasema "I'm coming", kwa vile kwetu mtu anaaga kwa "nakuja". Mzungu atakutazama unavyotoka mlangoni na asielewe.

Yaya_Ruashi

Kuhusu darasa la jioni: nililipa miezi minne. Tulikuwa wengi chumbani, na kwa wiki nzima nafungua mdomo labda mara mbili. Mwalimu alikuwa na moyo mzuri, sina neno naye, ila alituandikia ubaoni misemo ile ile ya daftari. Ukienda, kwanza omba kukaa siku moja bure nyuma ya darasa uhesabu wanafunzi wanaongea mara ngapi. Kama hawaongei, dola 25 zako zibaki mfukoni.

Mwanafunzi_UNILU

Samahani niingie. Wote mmesahau Kiswahili! Mimi naanza kwa kuuliza: sisi tunasemaje? "Kill two birds with one stone" ni ndege wawili kwa jiwe moja, hiyo umepewa bure. Lakini mingine inafanana sura tu. Kwetu kutia chumvi ni kuongeza maneno kwenye habari. Kiingereza kikisema "take it with a pinch of salt", wanakuonya wewe msikilizaji usiamini yote. Kuvunja moyo kwetu ni kukata tamaa au kumkatisha mtu tamaa; "break someone's heart" ni huzuni nzito, mara nyingi ya mapenzi. Nilimwambia profesa mgeni kwamba mtihani wake "broke my heart", na akaniita ofisini kuniuliza kama niko salama.

Mwalimu_Katuba

Hiyo ya kuvunja moyo nitaipeleka darasani kesho, aksanti sana mwanangu.

Binti_Kamalondo

Nimesoma yote mara mbili. Mama_Transit, nikija Kasumbalesa nitakuwa na vipindi vya BBC masikioni njiani kwenda na kurudi, ni karibu kilomita 90, muda upo. Darasa naliacha. Daftari nimelianza upya: kila msemo na nani aliyesema, wapi, kwa nani. Ukurasa wa kwanza nimeandika jibu nililopaswa kumpa yule bwana, linaanza "Let me walk you through it", halafu kazi yangu yote ya ghalani kuanzia lori linapoingia. Mwalimu, naweza kukutumia ulisahihishe?

Mwalimu_Katuba

Nitumie leo hii. Na uliseme kwa sauti kwanza, kisha ndipo uandike.

Mama_Transit

Jumamosi muwe kituoni saa 11 alfajiri, wewe na shangazi. Nitakukutanisha na mama mmoja wa Chililabombwe, upande wa Zambia, anayeuza unga. Anaongea sana, na akiona hujaelewa atalisema tena kwa njia nyingine.