Naomba ushauri: tuhamie programu gani ya mawasiliano kazini?

Habari zenu wakuu. Kampuni yetu ya uwakala wa forodha ina ofisi Kampala, na wenzetu wako mpakani Malaba na Mutukula. Kazi yote inapita kwenye kundi moja la WhatsApp: picha za hati, namba za malori, taarifa za misiba, humo humo. Kutafuta hati ya wiki mbili zilizopita ni shughuli. Linaloniumiza zaidi, mtu akiacha kazi anaondoka na nyaraka za wateja kwenye simu yake, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde.

Nimeitazama Slack. Kila mzigo kuwa na mazungumzo yake kumenivutia sana, ila mpango wa bure unaonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na madai ya forodha huweza kuvuka hapo. Mattermost unaiweka kwenye seva yako mwenyewe, lakini hatuna fundi wa kudumu.

Wenzetu wa mpakani wana simu za Android za bei nafuu na hununua bando la siku. Wenye timu kama hii, mnatumia nini? Inakula bando sana? Na mliwashawishije watu waache kurudi WhatsApp kwa mambo ya kazi?